Maji Safi Kwenye Chupa ya Kalunde

Kalunde alijua mambo yameharibika kwa sababu maji yalikuwa safi mno.

Aliinua chupa dirishani. Jua la saa kumi na moja, lile la Kibwezi lisilojua kupumzika, likaingia upande huu likatokea upande ule bila kukutana na kitu. Ule ukungu haukuwepo. Lile vumbi la kahawia lililokuwa likitulia chini kama machicha ya chai, halikuwepo. Kikaratasi chake tu ndicho kilichobaki ndani, maandishi ya penseli yakisomeka vizuri, kikielea kwenye maji ambayo mgeni angeweza kupewa akayanywa na kusema asante.

Alifungua kifuniko akanusa. Fomalini, ile dawa ya kuhifadhia, ikiwa ndani huwezi kunusa mara mbili. Alinusa mara mbili. Akanusa na ya tatu.

"Gicheru!" aliita. "Hebu njoo hapa."

Gicheru alitokea mlangoni na matope ya shambani bado kwenye viatu, na lile tabasamu lake lililokuwa limemponza Kalunde tangu mwanzo.

"Umeniita kama hedmasta. Nimekosa nini?"

"Angalia hii chupa. Unaona nini?"

"Naona maji."

"Basi hilo ndilo kosa."

Ili msomaji asibaki akikodoa macho kama Gicheru, tumweleze habari za chupa hiyo. Mwaka huo wa 1987 Kalunde, binti wa mzee Mutunga wa Nunguni, alikuwa na miaka miwili kwenye kituo cha utafiti wa bahari huko pwani. Wenzake waliomaliza naye Fomu Foo walikuwa wakiandika barua maofisini. Yeye alikuwa akihesabu wadudu. Kila wiki mashua ilikokota wavu wenye matundu madogo kuliko ya soksi, na kilichonaswa humo, planktoni, yaani vijimea na vidudu vinavyoelea tu popote maji yanapovipeleka, kililetwa mezani kwake. Yeye aliinamia hadubini asubuhi mpaka jioni akiandika: huyu ni nani, yule ni nani, wako wangapi.

Mwezi wa nne, kwenye maji yaliyotoka katikati ya mikoko, akawaona. Mkubwa wake alitupa jicho moja kwenye hadubini akasema ni uduvi, wale kamba wadogo wasiokua. Kalunde akasema hapana, ni watoto wa kamba wakubwa wenyewe, wale wanaouzwa hotelini, na kama ndivyo, basi wanalelewa palepale kwenye mikoko ambako kila mtu alikuwa akisema hakuna kitu. Mkubwa akacheka. Msichana wa Fomu Foo amfundishe yeye?

Mabishano hayo yalifika Nairobi kwa mtaalamu mmoja, Daktari Kiema, naye akasema: nileteeni, nitazame mwenyewe, Jumatatu saa nne asubuhi. Akisema ni kamba, Kalunde angeandikwa kazi ya kudumu na kupelekwa kusoma. Akisema ni uduvi, mkataba wake ulikuwa unaisha mwisho wa mwezi, na hakuna aliyekuwa na haja ya kuuandika tena. Chupa za wiki ile zilikuwa zimekwisha kumwagwa zote ila moja.

Ni hiyo. Na leo ilikuwa Jumapili.

Basi kwa nini chupa yenye thamani hiyo ikalala Kibwezi badala ya kwenda Nairobi moja kwa moja? Kwa sababu ya mapenzi, bila shaka. Gicheru alikuwa akilima vitunguu kando ya mto na kuvipeleka kuuza soko la Kongowea, Mombasa. Siku moja akamwona msichana amesimama mbele ya bidhaa yake kwa muda mrefu, hanunui, anachunguza matundu ya gunia. "Dada, gunia haliuzwi, lakini mwenye gunia tunaweza kuongea," alimwambia. Kalunde alicheka mpaka akashika meza. Mwaka mmoja baadaye Gicheru alimwuliza kama atakubali waoane, naye akamjibu, "Nionane na mama yako kwanza. Nitakujibu nikiwa nimemtazama machoni."

Sasa ndio alikuwa nyumbani kwa mama huyo.

"Nani ameshika chupa yangu?" Kalunde aliuliza.

"Labda imetulia tu," Gicheru alisema. "Labda wadudu wamelala."

"Wamekufa tangu mwezi wa nne, Gicheru! Wamehifadhiwa kwa dawa!"

"Basi pole. Tulizika wangapi?"

Kuna mzaha, na kuna saa ya mzaha. Kalunde aliiweka chupa chini taratibu. Mchana huo huo, kule shambani, mwanamume huyu alikuwa amemshika mkono akivuka mfereji na kusahau kuuachilia, na Kalunde naye akasahau kumkumbusha. Macho yao yalipokutana juu ya vitunguu alikuwa karibu ampe jibu lake palepale, mama au hakuna mama. Sasa alimtazama kama mtu aliyeketi naye stendi.

"Nilipofika na hii chupa," alisema, "nilimwambia nini mama yako?"

"Ulisema iwekwe mahali pa baridi."

"Na mtu asiiguse. Na wewe ukamwambia nini?"

Tabasamu la Gicheru lilianza kuondoka, polepole, kama mgeni anayetafuta kofia yake.

"Nilisema tu..."

"Sema vile ulivyosema."

"Nilisema, 'Maitu, si uliniuliza ni nini kilinipata huko Mombasa? Ndiyo hiyo dawa, imo kwenye chupa.'" Akaongeza upesi, "Lakini alicheka!"

"Alicheka na mdomo. Macho hayakucheka. Mimi nilikuwa nayaona."

Mama yake Gicheru, Wanjiro, alikuwa mjane aliyetoka Murang'a na mumewe kufungua hoteli ya chai kando ya barabara ya Mombasa. Alikuwa mtu wa kanisa, wa kusimama Jumapili na kutoa ushuhuda. Alitaka mwanawe aoe msichana wa kwao. Alipoambiwa ni Mkamba, hakusema neno baya. Alinyamaza siku nne. Maana katika yale ambayo watu wa kwao huambizana juu ya Wakamba, kuna kamuti, dawa ya mapenzi, ambayo mwanamume akilishwa huachana na akili zake. Kisha huyu msichana ametoka pwani, kwenye majini na mizimu, na chupa ya maji machafu yenye vitu vinavyoelea, anasema isiguswe, na kijana mwenyewe anakiri kwa mdomo wake kwamba ndiyo hiyo iliyommaliza. Ungekuwa wewe ungefanyaje?

"Kalu, nilikuwa nafanya mzaha tu."

"Najua. Kila kitu kwako ni mzaha. Mimi nimekaa miaka miwili nikiinama shingo mpaka inalia, hakuna mtu ananiamini, nimebaki na ushahidi mmoja peke yake duniani, na wewe umeufanyia mzaha mbele ya mtu ambaye ananiogopa." Alichukua begi lake. "Niambie basi la jioni linapita saa ngapi."

"La wapi? Nairobi?"

"La Mombasa. Nairobi nitaenda kuonyesha nini?"

Hapo ndipo pazia la mlango wa jikoni liliposogea.

Wanjiro alikuwa amesimama hapo, aproni ya hoteli bado kiunoni, mikono ameifunga tumboni. Hakuna ajuaye alikuwa amesikia kuanzia wapi. Alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita wateja waliokuwa ng'ambo ya barabara, lakini alipofungua kinywa sauti ilikuwa ya mtoto aliyevunja kikombe.

"Weka begi chini, mtoto wangu. Ni mimi."

"Maitu!" Gicheru alisema.

"Wewe nyamaza. Umeongea ya kutosha leo." Akamgeukia Kalunde. "Nilifungua. Nilisema kama ni dawa, lazima kuna mzizi ndani, ama nywele ya kijana yangu. Nikachuja na kitambaa cha maziwa nione. Sikuona mzizi. Niliona tu kitu kama... kama ute. Kama vumbi imelowa. Halafu nikaona haya. Nikasema mgeni akirudi akute chupa tupu atasemaje? Nikajaza maji."

"Maji ya wapi, Mama?"

"Ya kunywa. Yale ya mtungi." Akaongeza kwa unyonge, "Mazuri."

Na kwa kweli yalikuwa mazuri. Kibwezi mwezi huo debe la maji lilikuwa likija juu ya punda toka chemchemi, na Wanjiro alikuwa amemmiminia adui yake yale aliyojiwekea mwenyewe. Kalunde alitaka kukasirika. Hasira ilifika mpaka kooni, ikakuta pale mama mtu mzima aliyetoka nje mwenyewe kusema "ni mimi" bila kuburutwa, ikasimama. Kwao Nunguni alikuwa amewaona watu wazima wengi, lakini wa kusema "ni mimi" walikuwa wachache sana.

Kisha akakumbuka kitu.

"Mama. Kile kitambaa ulichochujia. Ulikifua?"

"Kufua?" Wanjiro alishtuka. "Nikiguse tena? Wee! Niliogopa. Nilikiacha ndani ya beseni."

"Na maji yaliyopita? Yale yenye harufu. Ulimwaga?"

"Hata hayo niliogopa. Na tena," alisema kama anayejitetea mbele ya baraza, "mimi simwagi maji. Hata machafu. Huwa nasubiri nijue kazi yake."

Kalunde aliweka begi chini.

"Hilo beseni liko wapi?"

Lilikuwa nyuma ya mlango wa stoo, limefunikwa kwa sinia kubwa la mandazi, na juu ya sinia, katikati kabisa ili isidondoke, Biblia ya Wanjiro, ile yenye jalada jeusi, ikiwa imelala kifudifudi kazini.

Gicheru aliitazama. Mabega yakaanza kumcheza.

"Ukicheka," Kalunde alimwambia bila kugeuka, "hutaniona tena maishani."

Gicheru aliuma mkono wake mwenyewe.

Wanjiro aliinua Biblia kwa mikono miwili, Kalunde akainua sinia. Harufu ya fomalini ikawapiga usoni, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake Kalunde aliifurahia kama pilau. Kitambaa kilikuwa mle ndani kimezama nusu, hakijakauka hata uzi. Katikati yake palikuwa na doa la kahawia, nene, linateleza.

"Ni hao?" Wanjiro alinong'ona.

"Ni hao, Mama. Ungekianika wangekauka wote wakawa unga. Ungekifua wangeenda na maji." Machozi yalimjaa. "Asante kwa kuniogopa. Kama ungenipenda kidogo tu, ungekuwa umeniharibia kabisa."

Wanjiro alimkazia macho. Kisha tumbo likaanza kutikisika chini ya aproni, na kicheko kikatoka, kile cha kuita wateja ng'ambo ya barabara, na machozi pamoja nacho. Gicheru akaona naye amepewa ruhusa ya kucheka.

"Bado wewe," walimwambia wote wawili kwa pamoja.

Walifanya kazi uani wakikimbizana na jua. Kwanza Kalunde alimwaga yale maji safi kwenye shina la mpapai, maana hayakuwa ya kunywa tena, na Wanjiro akageuza uso pembeni. Kisha akatega bakuli, akataka kugeuza kitambaa mwenyewe.

"Lete," Wanjiro alisema. "Hiyo mimi naijua. Miaka ishirini nachuja maziwa ya watu."

Aliyashika mapindo manne, akaligeuza doa likatazama chini bila kuanguka hata tone. Kalunde akachota maji yale yale ya beseni kwa kikombe, akayamimina nyuma ya kitambaa polepole.

"Si utumie ya mtungi?"

"Hapana, Mama. Haya bado yana dawa ya kuwatunza. Na wale wadogo zaidi walipita kwenye kitambaa, wako humu ndani."

"Kwa hivyo ningeyamwaga..."

"Nusu ya bahari ingekuwa chooni mwako."

Waliosha kitambaa mara nne, mara tano, mpaka kikabaki cheupe na cha kusikitisha. Maji yote yakarudi chupani, na ukungu wake, na vumbi lake. Kalunde alichovya mrija, akadondosha tone kwenye kisosi cheupe, akatoa lenzi yake ya mkononi.

Aliinamia tone. Gicheru alikuwa amechuchumaa mbele yake ameshika kisosi kisitikisike, uso wake karibu sana, na kwa mara ya kwanza tangu Kalunde amfahamu hakuwa na mzaha. Alikuwa akimtazama yeye, si tone. Akimtazama jinsi paji la uso lilivyokunjika, jinsi midomo ilivyokuwa ikihesabu bila sauti.

"Nisamehe," alisema polepole. "Sikujua hivi ndivyo unavyokuwa ukifanya kazi. Ningejua nisingecheza na hiyo chupa hata kidogo."

"Shika kisosi."

"Nimeshika. Nisamehe."

Kalunde aliinua macho. Yakakutana na yake kwa urefu wa lenzi moja. Hakuyaondoa upesi.

"Mama," aliita, "njoo uone ulichodhani ni kamuti."

Wanjiro alifumba jicho moja kama anayelenga shabaha.

"Ngai! Ana macho!"

"Hesabu miguu. Ile ya kifuani, si ile midogo ya mkiani. Uduvi ana jozi tatu tu. Mtoto wa kamba ana tano."

Wanjiro alihesabu kwa Kikuyu. Akapotea, akarudia. Akasema tano, kisha akasema labda nne, jua limezama.

"Basi kesho mtaalamu atahesabu na hadubini," Kalunde alisema. Akachukua penseli na kikaratasi kipya. Penseli ikasimama hewani.

"Unaandika nini?" Wanjiro aliuliza.

"Lazima niandike kwamba sampuli ilichujwa tena, na kwa kitambaa gani. Nisipoandika ni uwongo. Lakini nikiandika, mkubwa wangu atasema imeharibiwa, haifai." Alisita. "Na watauliza ni nani."

Gicheru alisema, "Andika ni mimi."

"Hapana," Wanjiro alisema. Aliifungua aproni, akaikunja. "Andika jina langu. Halafu kesho mimi naenda na wewe. Wakiuliza, niulizwe mwenyewe. Mimi ndiye nilichuja, najua nilichuja vipi."

"Na hoteli, Maitu?"

"Hoteli iko na wewe. Si mandazi ni mzaha tu?"

Jumatatu saa nne na robo, kwenye chumba chenye vitabu mpaka dirishani, Daktari Kiema aliinamia hadubini. Alikuwa mzee mwembamba wa Kitui, hana haraka. Wanjiro alikaa pembeni na kilemba chake cha kanisa, chupa imetoka mapajani mwake dakika hiyo tu, baada ya safari nzima kutoka Kibwezi.

Mzee alisoma kikaratasi. Akatazama. Akabadilisha kioo, akatazama tena. Midomo yake ikacheza. Kalunde alizihesabu zile jozi pamoja naye kwenye midomo hiyo, na ilipofika ya tatu akashika ukingo wa meza.

Midomo haikusimama.

"Tano," Daktari Kiema alisema. "Na huyu, tano. Na huyu." Alivua miwani. "Hawa ni kamba, binti yangu. Kamba kabisa. Nitakuandikia barua leo hii, na mkubwa wako atapata nakala yake. Sasa niambie, hizi nyuzi za pamba ninazoziona humu ni za nini? Na huyu Wanjiro ni mtaalamu wa wapi?"

Wanjiro alisimama wima, vile anavyosimama kutoa ushuhuda.

"Ni mimi, Daktari. Nilidhani ni kamuti ya kijana yangu, nikachuja."

Daktari Kiema, Mkamba wa kuzaliwa, alimtazama. Kisha akaweka kichwa mezani kando ya hadubini yake, akacheka mpaka karani akafungua mlango kuuliza kama kuna mgonjwa.

"Na baada ya kuchuja," alisema alipopata pumzi, akipangusa macho, "kijana akapona?"

"Hapana," Wanjiro alisema. "Ako vilevile. Kwa hivyo nimeona si dawa. Ni huyu msichana tu." Akaongeza, akiangalia viatu vyake, "Na mimi pia imeanza kunishika."

Kalunde alichukua mkono wa mama yule, ule uliokunja kitambaa bila kuangusha tone, akaushika kwa mikono yake miwili na kuupeleka kwenye paji la uso wake. "Asante," alisema. "Mwaitu, asante." Hivyo ndivyo alivyomwita mama yake kule Nunguni, na hakuwa amewahi kumwita mtu mwingine.

Kibanda cha simu kilikuwa chini ya ngazi. Kule Kibwezi Gicheru alikuwa amewaambia watu wa petroli steshini kwamba simu ikilia kabla ya saa saba ni yake, yeyote asiiguse. Ililia mara nusu.

"Wamesema nini?"

"Tano."

Alisikia akishusha pumzi maili mia mbali. "Ngai ashukuriwe. Kalu, hata mandazi nimeunguza sufuria mbili, sikuwa naona. Na mama je?"

Wanjiro alishachukua simu. "Gicheru! Jumamosi tunaenda Nunguni. Tafuta mbuzi wa kupeleka kwa wazee wa huyu msichana, Wakamba huanza na mbuzi. Na wawe wanono, sitaki aibu."

"Lakini Mama," Kalunde alisema, akicheka na kulia, "mimi bado sijamjibu."

Wanjiro alimtazama, kisha akautazama mkono wa simu, kisha akamrudishia kama mtu aliyeshikwa na kitu cha wenyewe.

"Basi mjibu, mtoto wangu. Sarafu ndiyo ya mwisho hiyo."

Kalunde aliuweka mkono wa simu sikioni. Upande ule palikuwa kimya kabisa. Hata yale malori ya Mombasa yalikuwa kama yameambiwa yasubiri.

"Gicheru."

"Niko."

"Nimemtazama mama yako machoni." Alivuta pumzi. "Jibu ni ndiyo."

Halafu akasimama hivyo hivyo, simu akiisogeza mbali kidogo na sikio. Wanjiro alivumilia kadiri alivyoweza.

"Anasema nini?"

"Hasemi na mimi tena, Mama," Kalunde alisema, machozi yakimteremka. "Anasema na Kibwezi nzima."